Kiwanda kikija jirani, uliza kabla jengo halijasimama

Mzazi unayeishi Zegereni na mitaa ya jirani mjini Kibaha, unajua kuwa eneo lenu limetengewa viwanda. Viwanda vinaleta ajira, na hilo ni jambo jema. Lakini panapotajwa jengo kubwa karibu na nyumba, swali la kwanza lisiwe ukubwa wake. Uliza: ndani yake kitafanyika nini?

Ghala la saruji, kiwanda cha vinywaji na tanuru la kuyeyusha vyuma chakavu havina madhara sawa kwa afya ya mtoto wako.

Tazama yaliyowapata majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi ukutani mwa mtaa huo wenye watu wapatao 3,000. Moshi na maji machafu vilibeba madini ya risasi hadi majumbani. Watoto walipopimwa damu walikutwa na sumu hiyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya wakazi kupambana wakiongozwa na mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe pia aliathirika. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya, lakini rufaa ziliendelea hadi Mahakama ya Juu ilipothibitisha fidia hiyo Desemba 2024. Hiyo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikianza, alikuwa kijana.

Fidia haimrudishii mtoto akili iliyoathirika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni. Mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Dalili huchelewa: upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, kukosa choo, hasira zisizo na sababu, kushindwa kushika masomo. Wengi hudhani ni minyoo au uvivu.

Ndiyo maana wakati wa kuuliza ni kabla ya msingi kuchimbwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Inataka pia miradi yenye athari kubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Kwenye mkutano wa mtaa, uliza haya: Malighafi ni nini? Moshi na maji taka vitakwenda wapi? Kuna umbali gani hadi nyumba, shule na kisima? Cheti cha tathmini kipo? Hakikisha maswali yenu yameandikwa kwenye muhtasari wa mkutano. Malalamiko ya mdomo husahaulika.

Kama tayari unaishi karibu na kiwanda chenye vumbi au moshi, deki kwa maji badala ya kufagia pakavu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Anayefanya kazi kiwandani abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na zifuliwe peke yake. Wape dagaa, maharage na mboga za majani, kwa kuwa mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayasafishi sumu iliyokwisha kuingia mwilini, kama wengi wanavyoamini.

Ukimpeleka mtoto hospitali, mwambie daktari mnaishi jirani na nini. Bila taarifa hiyo, anaweza asifikirie kupima risasi kwenye damu.