Lawama ya Presha Isitupiwe Samaki wa Forodhani

Wapo waungwana wanaosema kwamba maradhi ya presha yaliyoenea Unguja yametokana na vyakula vya Forodhani, na kwamba mwenye kuipenda roho yake heri aipite bustani ile jioni bila ya kugeuza uso; nami, kwa adabu inayowastahiki, nakhitilafiana nao. Jodari na nguru wanaochomwa makaani mkabala wa Beit al-Ajaib wana mafuta ambayo matabibu huyasifu kwa kuuhifadhi moyo, na muhogo, ndizi na madafu vina madini ya potasiamu, ambayo huisaidia figo kuitoa chumvi mwilini. Kosa limo katika mkono unaonyunyiza, na katika karai ambalo mafuta yake yalikaangiwa jana na juzi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika, na hupiga mara zipatazo 100,000 kwa usiku na mchana. Tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefariki Misri mwaka 1288, alibainisha katika sharhi yake juu ya maandishi ya Ibn Sina kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni kabla ya kuwasili upande wa kushoto. Na mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akaudhihirisha mzunguko wote. Basi chumvi ikizidi katika damu, mwili huyazuia maji ili kuizimua, damu ikaongezeka ndani ya mishipa ile ile, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, hata miaka ikipita kuta zake zikanenepa na mishipa ikakakamaa. Mwenye maradhi haya aghalabu hahisi chochote, na wengi huyatambua siku ile kiharusi kinapowaangusha.

Shirika la Afya Duniani linausia mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sasa tulitazame bakuli la urojo, ambalo mimi ni katika wanaolipenda: bajia zina chumvi yake, mbatata zina yake, mishkaki imerowekwa na yake, chatne haikukosa, rojo lenyewe limekolezwa, na juu yake hunyunyizwa chipsi za muhogo zilizotiwa nyingine, kila kimoja kimetiwa kwa kadiri ya mpishi wake, wala hapana aliyejumlisha.

Kwa hivyo nawaomba wenye mamlaka ya bustani, iliyotengenezwa upya mwaka 2009 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni, wafanye mambo yasiyo na gharama kubwa. Muuzaji apike kwa chumvi haba, na kopo la chumvi liwekwe mbele ya mlaji atie mwenyewe; mafuta ya kukaangia yamwagwe kila usiku, kwani yakirudiwa kuchemshwa huharibika na kuzaa vitu vyenye kuidhuru mishipa; na watumishi wa afya wawepo pale na vipimo vya presha, hususan nyakati za Ramadhani baada ya tarawehe, ili yule ambaye hakupata kuingia hospitali pasipo maradhi apimwe huku akingoja mishkaki yake, na akionekana amefikia 140 kwa 90 apelekwe kwa tabibu akapimwe tena.

Wauzaji watasema wateja watakikimbia chakula kisichokolea. Lakini utamu wa urojo umo katika embe mbichi, ndimu, pilipili na bizari, na hivyo vikizidishwa havimpandishi mtu presha. Tena ulimi uliopunguziwa chumvi kidogo kidogo hufika baada ya wiki chache ukakiona kile cha zamani kuwa ni kichungu. Muuzaji mwenye shaka na aanze na rojo peke yake, apunguze robo, asimwambie mtu, kisha ahesabu bakuli zinazorudi na mabaki.