Mkulima asijaribishiwe toleo jipya la mashine kwa fedha yake ya mahindi

Kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, fedha huonekana Songea. Mahindi yamevunwa, magunia yamefikishwa kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) au yameuzwa kwa wafanyabiashara, na msimu wa kahawa ya Mbinga unaendelea. Wauzaji wa pikipiki, pawatila na matrekta wanalijua hilo. Ndiyo miezi ambayo mabango hubadilishwa na mashine zinazong'aa hupangwa mbele ya maduka. Neno linalouza kuliko yote ni hili: "toleo jipya".

Neno hilo linastahili kuchunguzwa kabla mkulima hajafungua mkoba. Swali analozoea kujiuliza ni kama anunue kitu kipya au kilichotumika. Swali la pili, ambalo wengi hawajiulizi, ni kama toleo lenyewe limetoka juzi, liko katikati ya maisha yake, au linakaribia kuachwa na kiwanda. Mashine mbili zinaweza kuwa mpya zote, zikafanana bei, lakini moja ikamfaa mnunuzi na nyingine ikamfilisi kwa sababu ya tofauti hiyo.

Kwa Songea hasara ya kukosea ni kubwa kuliko mahali pengine. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Hakuna vuli ya kumwokoa aliyepoteza masika. Trekta likisimama wiki mbili mwezi Desemba likisubiri pampu ya dizeli kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, mwenye trekta hapotezi wiki mbili tu. Hupoteza shamba lake, na hupoteza pia fedha za majirani aliokwisha kuahidi kuwalimia.

Tuchukue mfano wa kawaida wa hesabu. Kama kilo ya mahindi inauzwa Sh600, gunia la kilo 100 ni Sh60,000. Pikipiki ya Sh3,000,000 ni magunia 50. Kwa familia yenye ekari chache huo ni msimu mzima wa jasho. Mtu anayetoa magunia 50 kwa mkupuo ana haki ya kujua kama ananunua chombo kilichokwisha kujaribiwa, au kama yeye ndiye anayekifanyia majaribio.

Kila toleo la gari, pikipiki au trekta lina maisha yake. Huzaliwa likiwa na injini au giaboksi ambayo bado haijapita kwenye mikono ya watu wengi. Katika mwaka wa kwanza na wa pili kasoro hujitokeza, na kiwanda hurekebisha kimyakimya au kwa kuyaita magari yarudi. Baada ya miaka mitatu au minne hubadilishwa sura kidogo, taa na bodi, huku sehemu za ndani zikiwa zimetulia. Mwishoni huja toleo lingine, bei ya lile la zamani hushuka ili ghala lisafishwe, na miaka kadhaa baadaye kiwanda hupunguza utengenezaji wa vipuri vyake.

Jina kubwa halimkingi mnunuzi wa kwanza. Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka 1968, na ni vigumu kupata gari linaloaminiwa zaidi na wakulima duniani. Hata hivyo, Hilux mpya iliyotoka mwaka 2015, ikiwa na injini mpya za dizeli, iliwasumbua wanunuzi wa Australia. Magari yaliyouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, pamoja na Prado na Fortuner zenye injini hizo, zaidi ya 260,000 kwa jumla, yalikuwa na kasoro kwenye mfumo wa chujio linalonasa masizi ya moshi. Mwaka 2018 kampuni iliongeza swichi ya kumwezesha dereva kuchoma masizi hayo mwenyewe, na mwaka 2020 ikapatikana tiba ya kudumu. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba wanunuzi walistahili fidia, na mvutano wa rufaa ukaendelea baada ya hapo. Aliyenunua gari hilo hilo baada ya 2020 hakuyaona mateso hayo.

Hapa nyumbani somo limetoka kwenye matrekta. Mradi wa kuunganisha matrekta ya Ursus kutoka Poland katika eneo la TAMCO, Kibaha, ulipoanza miaka ya 2016 na 2017 chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), ulipokewa kwa matumaini makubwa. Baadaye malalamiko ya wakulima kuhusu ubovu na uhaba wa vipuri yalifika hadi bungeni. Kampuni yenyewe huko Poland, yenye jina la tangu mwaka 1893, ilitangazwa kufilisika mwaka 2021. Mkulima aliyekopa kununua trekta hilo hakukosea kwa kupenda maendeleo. Kilichomponza ni kwamba alikuwa miongoni mwa wa kwanza, katika nchi ambayo mafundi na maduka ya vipuri walikuwa hawajalizoea.

Linganisha hali hiyo na magari ya mitumba kutoka Japani. Mengi ya magari madogo yanayotembea barabara za Songea yalifika nchini yakiwa yametumika miaka saba, minane au zaidi. Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya kutembelea yaliyopita umri fulani, na bado watu huyanunua. Bei ni sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba toleo la namna hiyo limekwisha kupita kwenye mtihani. Kasoro zake zinajulikana, fundi wa chini ya mwembe anazijua kwa kichwa, na vipuri vyake vinapatikana hata kwenye miji midogo. Gharama ya majaribio ililipwa na mtu mwingine, mbali na hapa.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayechagua gari la mtumba kwa busara hiyo, akienda kununua trekta au pikipiki mpya huisahau kabisa. Hukimbilia lile ambalo hakuna mwenzake aliyekuwa nalo.

Jibu basi ni kununua katikati ya maisha ya toleo. Muda wa kungojea si lazima uhesabiwe kwa miaka ya Japani, India au China. Uhesabiwe kwa Songea. Toleo linaweza kuwa na miaka sita huko linakotengenezwa, lakini likawa changa kabisa mkoani Ruvuma kwa kuwa limeingia mwaka huu. Kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu. Kabla ya kulipa, mnunuzi apite kwenye maduka ya vipuri mjini na kuuliza bei ya vitu vitano: klachi, chujio la dizeli, nozeli, gasketi ya silinda na bering za magurudumu. Kama vyote vipo, na zaidi ya duka moja linavyo, toleo limekomaa. Kama jibu ni "tunaagiza Dar", bado ni bichi.

Kisha aende gereji na kumwuliza fundi ameshafungua injini ngapi za aina hiyo. Fundi aliyefungua kumi atasema udhaifu wake uko wapi na ni baada ya muda gani. Asiyefungua hata moja atajifunzia kwenye mashine ya mteja. Mwisho, amtafute mtu wa Peramiho, Namtumbo au Madaba aliyeitumia kwa misimu miwili, siyo miezi miwili.

Wauzaji hujibu kwamba kuna udhamini. Ni kweli, na mnunuzi asiudharau. Ausome na kuuhifadhi. Lakini udhamini hurudisha kipuri tu. Haurudishi mvua ya Desemba wala mbegu iliyochelewa kuingia ardhini.

Vipi kuhusu mwisho wa maisha ya toleo, pale bei inapopunguzwa? Hapo pana nafuu ya kweli na pana mtego. Land Rover Defender ya mtindo wa zamani iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016. Gari lililopewa jina hilo miaka michache baadaye ni gari jingine kabisa, lenye vifaa vingi vya umeme, na mzoefu wa lile la kwanza hawezi kulitengeneza kwa spana zake za zamani. Hata hivyo, Defender za zamani hazikufa siku ile, kwa kuwa zilikuwa nyingi na vipuri vyake vilitengenezwa na viwanda vingi. Vivyo hivyo Massey Ferguson 135, iliyotengenezwa kati ya 1964 na 1975, bado inalima katika nchi nyingi. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, imedumu kiasi kwamba vipuri vya magari ya zamani na ya baadaye vinasaidiana katika sehemu nyingi.

Kanuni inayotokana na mifano hiyo ni kwamba toleo linaloachwa ni salama kama liliuzwa kwa wingi, na ni hatari kama liliuzwa kwa uchache. Pawatila iliyoletwa kwa shehena moja na kuuzwa kwa punguzo kwa sababu muagizaji ameachana nayo, itakuwa chuma chakavu siku giaboksi yake itakapovunjika. Mnunuzi aangalie pia mwaka wa kutengenezwa kwenye kibao cha mashine. Kilicho kipya dukani kinaweza kuwa kimekaa yadi miaka mitatu. Tairi halidanganyi: katika tarakimu nne za tarehe zilizopigwa ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka.

Jambo jingine la kupima ni muda ambao mnunuzi atakaa na chombo. Kijana wa bodaboda anayeuza pikipiki baada ya miaka miwili au mitatu na kuongeza fedha ili anunue nyingine, asinunue toleo linalokaribia kubadilishwa, maana siku jipya litakapofika lake litashuka bei ghafla. Mkulima atakayekaa na trekta miaka 15 hana haja ya kuogopa hilo. Yeye anaweza kuchukua toleo kongwe lenye punguzo, mradi liko kwa wingi mkoani, na fedha iliyobaki akanunua haro au tela.

Ipo hoja kwamba kila mtu akingoja, hakuna kipya kitakachofika Ruvuma. Hoja hiyo ina uzito, maana mashine mpya nyingine hula mafuta kidogo na kufanya kazi zaidi. Lakini wa kutangulia wawe wale wenye uwezo wa kubeba hasara: mashamba makubwa, makandarasi, taasisi na kampuni zenyewe zinazouza. Mkulima wa ekari tano asiwekwe mstari wa mbele kwa jina la maendeleo.

Kwa sababu hiyo wapo wanaopaswa kuwajibika zaidi ya mnunuzi. Muuzaji anayeleta toleo jipya Songea alete na shehena ya vipuri na fundi aliyefunzwa, au aeleze wazi kwamba hana. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, chenye jukumu la kupima zana za kilimo, matokeo yake yamfikie ofisa ugani wa kijiji kwa Kiswahili chepesi, ili yasomwe kabla ya msimu wa kuuza. Chuo cha VETA mjini Songea kinaweza kuombwa kufundisha mafundi juu ya matoleo yanayoingia. Vyama vya msingi na SACCOS navyo, kabla ya kumkopesha mwanachama fedha za trekta, viulize umri wa toleo na mahali vipuri vilipo, kama vinavyouliza hati ya shamba.

Kalenda nayo inaruhusu utulivu. Maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, huleta matoleo mengi mapya ya mwaka mbele ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini. Ni mahali pazuri pa kuangalia, kuuliza na kuandika majina. Kati ya hapo na mvua za kwanza kuna karibu miezi mitatu, muda wa kutosha kuzunguka maduka, gereji na mashamba ya wenzake kabla ya kulipa. Anayelipa siku hiyo hiyo uwanjani, kwa kuwa ameahidiwa zawadi ya kofia na fulana, amejinyima miezi mitatu hiyo bure.

Mashine itakayomfaa mkulima wa Songea Desemba ni ile ambayo kipuri chake kinapatikana mjini siku inapoharibika. Ikiwa bado haijafikia hapo, magunia yake 50 yasubiri msimu mmoja.