Muuguzi wa Choma Naye Aijue Lugha ya Kuiuliza Kanzidata

Kila mwisho wa mwezi, zahanati na vituo vya afya nchini Tanzania hufunga hesabu. Rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hufunguliwa ukurasa kwa ukurasa: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wazazi. Mhudumu hujumlisha, hujaza fomu ya muhtasari, na tarakimu hizo huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao ulikuwa umesambazwa nchi nzima kufikia mwisho wa mwaka 2013. Kazi hiyo ni nzito. Hata hivyo, tarakimu zikishapanda juu, ni nadra zirudi chini zikiwa na jibu la swali ambalo muuguzi mwenyewe angependa kuliuliza: ni akina mama gani waliofika kliniki mara moja tu, kisha wakapotea?

Swali hilo lina uzito wake mahali kama Choma cha Nkola, wilayani Igunga, mkoani Tabora. Vijiji vya upande huo vimetawanyika, na familia za wakulima na wafugaji huhama kufuata mashamba na malisho. Mama anayepatwa na tatizo kubwa wakati wa kujifungua huhitaji kusafirishwa hadi hospitali, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Nkinga iliyomo katika wilaya hiyohiyo. Mjamzito aliyekoma kuhudhuria hana anayemkumbuka mpaka siku atakapoletwa akivuja damu, na siku hiyo huwa ni kuchelewa.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuandika maulizo ya msingi ya kanzidata ni stadi ya tiba, na inapaswa kufundishwa kwa wauguzi, wakunga na matabibu kama inavyofundishwa namna ya kusoma chati ya uchungu. Haifai kuachwa mikononi mwa wataalamu wa kompyuta peke yao, kwa sababu anayeandika ulizo ndiye anayeamua nani ahesabiwe na nani asionekane.

Kanzidata ni rejesta zinazofahamiana

Wazo lenyewe si geni kwa mhudumu wa afya. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba taarifa nyingi zihifadhiwe katika majedwali sahili yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake. Mwaka 1974 wenzake, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo inajulikana kama SQL. Mkunga anayetazama namba ya kadi ya mama katika rejesta ya wajawazito, kisha akaitafuta namba hiyohiyo katika rejesta ya wazazi, anafanya kwa macho na kidole kile ambacho kanzidata hukifanya kwa ufunguo.

Ulizo la msingi lina sehemu tatu. SELECT hutaja safu zinazotakiwa, FROM hutaja jedwali, na WHERE hutaja sharti. Kwa mfano, kituo chenye jedwali liitwalo wajawazito kinaweza kuuliza hivi:

SELECT namba_ya_kadi, kijiji
FROM wajawazito
WHERE umri < 20;

Maana yake ni: toa namba ya kadi na kijiji, kutoka jedwali la wajawazito, kwa kila mama ambaye umri wake ni chini ya miaka 20. Mtu anayeweza kujaza kitabu namba 6 bila kukosea anaweza kujifunza kuandika mistari hiyo kwa muda mfupi. Ugumu haumo katika maneno machache ya Kiingereza yanayotumika kama amri. Ugumu umo katika kujua ni kitu gani hasa kimeulizwa.

Makosa matatu yanayoficha watu

Kosa la kwanza ni kuhesabu mahudhurio na kudhani ni watu. Chukua jedwali la pili, mahudhurio, lenye mstari mmoja kwa kila mara mama anapofika kliniki. Anayeandika COUNT(*) juu ya jedwali hilo atapata idadi ya mistari, na mama aliyefika mara nne atahesabiwa mara nne. Anayetaka idadi ya akina mama lazima aandike COUNT(DISTINCT namba_ya_kadi). Tofauti ni ya neno moja, lakini inaweza kuonyesha kliniki imejaa ilhali nusu ya wajawazito wa kata hawajawahi kufika.

Kosa la pili linahusu kisanduku kitupu. Kwa kawaida mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo kiwango chake cha hemoglobini kiko chini ya gramu 11 kwa desilita. Ulizo lenye sharti WHERE hemoglobini < 11 litawatoa wenye upungufu. Ulizo lenye sharti WHERE hemoglobini >= 11 litawatoa walio salama. Mtu angetarajia kwamba makundi hayo mawili yakijumlishwa yatafanya wajawazito wote. Sivyo. Mama ambaye hakupimwa, kisanduku chake kikabaki kitupu, hayumo katika kundi lolote, kwa kuwa katika SQL kitupu kikilinganishwa na namba hakitoi ndiyo wala hapana, na WHERE huchukua ndiyo peke yake. Mama huyo huonekana pale tu anapoulizwa kwa jina lake: WHERE hemoglobini IS NULL. Ikiwa vipimo viliisha kituoni kwa miezi miwili, orodha ya wasiopimwa ndiyo taarifa muhimu kuliko zote, na ndiyo inayotoweka kwanza.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi. Majedwali mawili yanapounganishwa kwa JOIN ya kawaida, hubaki ile mistari tu yenye mwenza pande zote mbili. Anayeunganisha wajawazito na mahudhurio yao ya baadaye kwa njia hiyo atapata orodha nzuri ya waliorudi. Wasiorudi, ambao ndio waliotafutwa, hufutika bila onyo lolote. Kuwapata kunahitaji muunganisho unaobakiza kila mjamzito hata akikosa mwenza:

SELECT w.namba_ya_kadi, w.kijiji
FROM wajawazito w
LEFT JOIN mahudhurio m
ON m.namba_ya_kadi = w.namba_ya_kadi
AND m.tarehe > w.tarehe_ya_usajili
WHERE m.namba_ya_kadi IS NULL;

Ulizo hili linasema: chukua kila mjamzito aliyesajiliwa, tafuta hudhurio lolote baada ya siku ya usajili, kisha bakiza wale ambao hawakuonekana tena. Matokeo yake ni namba za kadi na vijiji, yaani orodha ambayo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuishika mkononi na kwenda kubisha hodi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito akutane na wahudumu mara nane au zaidi. Pendekezo hilo halitatimia kwa asilimia zilizoandikwa katika ripoti ya robo mwaka. Linahitaji majina na mahali pa kuyafuata.

Katika makosa yote matatu kompyuta haikukosea. Ilijibu sawasawa kile ilichoulizwa. Mtaalamu wa kompyuta asiyejua kliniki anaweza kuandika maulizo hayo bila kosa hata moja la sarufi, na bado asishuku jibu. Muuguzi wa kituo angelishuku mara moja, kwa sababu anajua kwamba Mei hakukuwa na vipimo na kwamba kijiji fulani hakikuleta mtu.

Daftari liko mkononi mwa nani?

Historia ya Tabora ina funzo hapa. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo, tawi moja likielekea Ujiji na jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa kwa umbali usioelezeka, lakini aliyeshika daftari la faida na hasara ni mwenye mali. Mfumo wa taarifa za afya haupaswi kufuata desturi hiyo. Mhudumu anayebeba mzigo wa kukusanya data anastahili pia uwezo wa kuifungua na kuisoma.

Kuna pingamizi zinazopaswa kupewa haki yake. Ya kwanza ni kwamba dashibodi tayari zipo na zinatosha. Ni kweli kwamba DHIS2 huchora grafu nzuri, lakini inachopokea kutoka katika fomu za mwezi ni jumla. Jumla inaweza kusema kwamba walikosekana 30. Haiwezi kusema ni akina nani. Swali la mtu mmoja mmoja hujibiwa na mfumo wenye kumbukumbu za wagonjwa wenyewe, kama GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya Serikali, na hata huko dashibodi hujibu maswali yaliyofikiriwa na mtengenezaji wake.

Pingamizi la pili ni siri za wagonjwa, nalo ni zito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayepewa uwezo wa kuuliza chochote anaweza kumchungulia jirani yake. Dawa ya hatari hiyo inajulikana: ruhusa ya kusoma tu bila kubadili, mipaka ya kuona kituo chake pekee, nakala ya kujifunzia yenye taarifa za kubuni, na kumbukumbu ya kila ulizo lililoandikwa na aliyeliandika. Usiri hulindwa kwa ruhusa zilizopangwa vizuri. Ujinga wa wahudumu haujawahi kuwa kufuli la kutegemewa.

Pingamizi la tatu ni uchache wa watumishi, umeme na kompyuta. Hili halikanushiki, na pale ambapo bado hakuna mfumo wa kielektroniki, maulizo hayana pa kuandikwa. Hata hivyo mifumo hiyo inazidi kusambaa, na saa zinazopotea katika kujumlisha kwa mkono ni nyingi kuliko zile za kujifunza amri chache.

Kinachopaswa kufanyika

Vyuo vikuu vya afya na vyuo vya uuguzi vina nafasi ya kuanza bila kusubiri mradi wa wafadhili. Somo la takwimu tayari lipo katika mitaala. Ndani yake liingie zoezi la maulizo matano: kuchagua, kuhesabu watu, kukusanya kwa kijiji kwa GROUP BY, kutafuta visanduku vitupu, na kuwatafuta wasiorudi. Mwanafunzi apimwe kwa kuulizwa ni nani amekosekana katika jibu lake, maana hapo ndipo uelewa unapojulikana. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo muuguzi anaitumia kumhoji mgonjwa.

Wilaya nazo zitoe ruhusa ya kusoma tu kwa mhudumu mmoja aliyefunzwa katika kila kituo, na kila kikao cha mwezi kianze na orodha moja: akina mama waliosajiliwa na hawakuonekana tena, kijiji kwa kijiji. Kituo cha Choma kikiwa na orodha hiyo mezani, kazi inayofuata haihitaji kompyuta. Inahitaji baiskeli, na mtu anayeijua njia ya kijijini.