Kabla ya kupika busaa, nusa pipa

Msomaji mmoja wa Webuye ameniandikia barua ya kurasa nne, na tatu kati ya hizo ni hesabu. Bintiye anaposwa, na mwezi wa Desemba anatarajia wakwe kama arubaini hivi. Mkewe amekata shauri kwamba busaa ya siku hiyo haitanunuliwa kwa jirani bali itapikwa papo hapo nyumbani. Naye mzee, kwa kuwa ni mtu wa mikono, ameamua kujitengenezea vifaa vyote mwenyewe. Ameandika bei ya bati la kukaangia, bei ya kitambaa cha kuchujia, hata bei ya mirija. Mwishoni anasema ameona sokoni pipa la plastiki la rangi ya buluu, la lita 200, linalouzwa kwa bei ya kutupa. Anauliza kama linafaa.

Mzee wangu, usilinunue bado. Kwanza nikusimulie kisa kilichonipata mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alikuwa akingoja wageni kama hao wako. Katika boma letu mpishi wa busaa tangu zamani alikuwa nyanya, mamake baba mkwe, lakini wakati huo macho yake yalikuwa yamefifia na kazi tukaachiwa sisi wake wa boma. Nyungu zake kubwa mbili zilikuwa zimepasuka. Moja ilikuwa imegeuzwa kiota, kuku anatagia humo. Basi mimi, kwa kujifanya mjuzi wa mambo ya mjini, nikanunua pipa la buluu. Nililisugua kwa sabuni na majivu, nikalisuuza mara tano, nikalianika juani kutwa nzima. Likawa linameta. Tukatia humo unga uliokaangwa, kimera na maji, karibu lita 150, tukafunika.

Siku iliyofuata nyanya akaomba aongozwe hadi jikoni. Akainama juu ya pipa, akanusa, akanyamaza kidogo, kisha akanusa tena.

"Mjukuu wangu, pipa hili lilikuwa na kitu gani?"

"Muuzaji alisema lilikuwa na sabuni, nyanya."

"Sabuni ya nini?"

Sikuwa na jibu.

"Mwageni," akasema.

"Lakini nyanya, wakwe wanakuja keshokutwa!"

"Ndiyo maana nasema mwageni."

Nakiri kwamba nilikasirika. Unga ule ulikuwa umetugharimu pesa na usingizi. Lakini mkubwa akishasema amesema, kwa hivyo tulichimba shimo mbali na kisima tukamwaga. Tulipolilaza pipa ndipo nikaona kile ambacho sikukiona nilipokuwa nikisugua. Chini kabisa, kwenye kitako, kulikuwa na mabaki ya karatasi yaliyogandia pale, na kwenye mabaki hayo nusu ya fuvu la kichwa na mfupa mmoja. Ni alama ya sumu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua.

Watu wengi hudhani plastiki ni kama kioo, kwamba ukishaosha imetakata. La hasha. Plastiki hufyonza dawa iliyokaa ndani yake kwa miezi, na ukitia humo kitu chenye uchachu na kileo, dawa hiyo huanza kutoka pole pole na kuingia kinywajini. Hakuna sabuni wala majivu yatakayoifikia. Wengine watakuambia utazame chini ya pipa, na ukiona namba 2 ndani ya pembetatu basi chukua. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu. Haikuambii pipa lilibeba nini. Kama ni lazima utumie plastiki, chukua chombo kipya kilichotengenezewa chakula, au pipa ambalo wewe mwenyewe umeliona likimwagwa mafuta ya kupikia au maji ya matunda. Neno la muuzaji halitoshi.

Basi je, pipa la chuma? Hapo pia nina neno. Busaa huwa na uchachu unaokaribia ule wa maziwa lala, na uchachu hula chuma. Kule Afrika Kusini, tangu mwaka wa 1929, madaktari wameandika kuhusu wagonjwa ambao maini yao yalijaa madini ya chuma kupita kiasi. Uchunguzi ulipofuatilia jambo hilo, sababu kubwa ilionekana kuwa ni pombe ya kienyeji iliyochachia katika vyombo vya chuma, yakiwemo mapipa. Mapipa na ndoo za mabati ni mabaya kwa njia nyingine, kwa sababu ile rangi ya fedha inayong'aa ni madini ya zinki, nayo huyeyukia katika kitu kichachu na kuwatapisha wanywaji. Sufuria ya alumini yafaa kuchemshia maji, lakini usiache busaa ilale humo siku tatu.

Kwa hivyo tunarudi kwa nyungu. Mimi si mtu wa kusifu kila kitu cha zamani, lakini kwa kazi hii sijaona kinachoishinda. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi hupitisha unyevu kidogo kidogo, na unyevu huo unapokauka nje huipoza nyungu, kwa hivyo busaa haichemki kwa joto la mchana ikaharibika. Vitundu vyake vidogo huhifadhi chachu ya mapishi yaliyopita, na ndiyo sababu nyungu kuukuu huchachusha haraka kuliko mpya. Ukinunua mpya, pikia humo uji mwepesi mara moja au mbili ili vitundu vizibike kiasi. Usiioshe kwa sabuni kamwe, maana itainywa kisha iwarudishie wageni wako. Maji moto, brashi ya makumbi, na jua, basi.

Sasa nije kwa bati la kukaangia, kwa maana hapo ndipo mtu wa mikono atafurahi. Mafundi wa jua kali hupasua pipa la mafuta, wakalinyoosha, wakakunja kingo. Afadhali uwape pesa za ziada wakuletee bati jeusi jipya, lisilo na rangi wala zinki, maana pipa lililopakwa rangi likipata moto hutoa moshi usiofaa kuvutwa na mtu, sembuse kuingia katika chakula. Urefu wa mita moja na upana wa kama sentimita 60 watosha. Kingo zikunjwe zisimame kiasi cha vidole vinne ili unga usimwagike. Chimba mtaro wa kuni, weka matofali pande mbili, lilaze bati juu yake. Chuma hapa hakina neno, kwa sababu unga hukaa juu yake kwa dakika chache, tena ukiwa karibu mkavu. Tengeneza na mwiko wa mti wenye mpini mrefu, kama hutaki kurudi ndani ukiwa huna nyusi.

Nyanya alipima hivi: gorogoro nne za unga wa mahindi kwa gorogoro moja ya kimera cha wimbi. Unga hukandwa kwa maji uwe mgumu, ukafunikwa, ukaachwa siku mbili au tatu mpaka uchachuke. Kisha humenywa vipande vipande na kukaangwa kwenye bati, ukigeuzwa bila kupumzika, hadi uwe chembechembe za rangi ya hudhurungi. Wageni wa kazi hii huona kwamba kukaanga ni kwa ajili ya rangi na harufu peke yake. Kuna zaidi. Moto ndio unaoivisha wanga wa mahindi, na wanga usioiva kimera hakiuwezi vizuri.

Na kimera chenyewe? Wimbi hulowekwa usiku kucha, hutandazwa juu ya gunia lenye unyevu, hufunikwa, na baada ya siku mbili au tatu huwa umeota mizizi myeupe. Hapo huanikwa ukauke kabisa ndipo usagwe. Mbegu inapoota hujitengenezea vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Sisi twaidanganya tu. Tunaikausha kabla haijaila sukari yake, kisha twaipa wanga wa mahindi iufanyie kazi ile ile, nayo chachu huigeuza sukari hiyo kuwa kileo.

Hapa nataka kuwagombeza akina mama wenzangu kidogo. Iko desturi mbaya ya kusema mahindi yaliyooza ndiyo ya busaa. Mwaka wa 2004 sumu ya kuvu wa mahindi, yaani aflatoksini, iliwapata watu 317 katika nchi yetu, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Sumu hiyo haifi kwa kukaangwa juu ya bati wala kwa kuchachushwa. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao usimpe mkwe wako. Kimera nacho kikiota kuvu wa kijani au mweusi, kitupe.

Mchanganyiko ukishaingia nyunguni, huchacha kwa siku mbili hadi nne kutegemea joto la mahali. Funika kwa kitambaa au jani la mgomba, usikaze. Hewa inayotoka humo ina nguvu. Jirani yangu mmoja aliifungia katika mtungi wa plastiki akakaza kifuniko kwa koleo, na usiku wa manane tukadhani tumevamiwa. Kuchuja, shona mfuko wa marekani mpya, uchemshe kabla ya kuutumia. Magunia ya mbolea na ya mbegu zilizotiwa dawa yasionekane jikoni. Machicha yanayobaki hupewa kuku na nguruwe, lakini kwa kiasi, maana nguruwe mlevi ni balaa. Busaa iliyochujwa huwa na kileo cha kati ya asilimia 2 na 4, na huendelea kuchacha, kwa hivyo inyweke siku hiyo au ya pili yake.

Kuhusu mirija, oluseke, mzee wa Webuye ajua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba si jambo la kuonea haya mbele ya vijana wa mjini. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, uko muhuri kutoka kaburi la Malkia Puabi wa Ur, katika Iraq ya leo, wa tangu yapata miaka 4500 iliyopita, nao waonyesha watu wamekaa wakivuta kinywaji mtungini kwa mirija mirefu. Ukikosa mirija ya miti, usikate mpira wa kunyweshea bustani, wala ule wa kuvutia petroli. Nunua mpira wa maji ya kunywa, funga kichujio ncha ya chini, na uchemshe. Kila mzee na wake.

Sitamaliza kabla ya kutaja sheria na ule woga ambao wengi wanao. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Februari 2024 msiba kama huo ukarudi Kirinyaga. Busaa safi ya nafaka haijitengenezei methanoli ya kumdhuru mtu. Methanoli hiyo huletwa na mkono wa binadamu anayetaka faida. Kwa hivyo usikubali rafiki akuongezee "nguvu" kutoka kwenye chupa yoyote, wala usijaribu kukeneka nyumbani. Kutengeneza na kuuza vileo bila leseni ni kosa chini ya sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile iliyofuta sheria ya 1980 ya kupiga marufuku chang'aa, na leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti. Ingawa hukusudii kuuza hata kikombe, nenda kwa chifu na ofisi ya kaunti mapema ukaulize, maana askari akija wakati wakwe wameketi aibu hiyo haifutiki. Na watoto walio chini ya miaka 18 wapewe soda.

Mtataka kujua sisi tulifanyaje. Kwa bahati, nusu ya unga uliokaangwa ilikuwa bado ndani ya gunia, mkavu. Nyanya alituma watoto nyumba tatu, wakarudi na nyungu tatu ndogo za kuazima. Tulizitia mchanganyiko jioni hiyo hiyo, akaamuru ziwekwe karibu na meko, na asubuhi ya wageni zilikuwa zikitoa povu. Moja ilikuwa haijaiva, tukaiacha. Wazee ishirini na wanane walizunguka nyungu mbili badala ya nne walizozoea, na mmoja wao akanong'ona kwamba boma hili limeingiwa na ubahili. Shemeji aliumia kwa neno hilo kwa muda mrefu. Nyanya hakujibu, wala hakumweleza mtu yeyote sababu.

Pipa nililitoboa kwa patasi, matundu kumi na mawili, nikalipasua na kitako, kwa sababu nilimwona mtoto wa jirani akilitazama kwa macho ya kutaka kulikingia maji ya mvua.

Basi, mzee wangu, tafuta wafinyanzi, uagize nyungu nne kubwa. Lakini usingoje Novemba. Vyungu huchomwa nje kwa kuni na nyasi, na mvua za vuli zikishaanza mfinyanzi atakuambia urudi Januari.