Safari Moja Si Ushahidi



Vijana wetu hapa Parramatta wana mchezo wa kompyuta wa vita vya merikebu. Mchezaji huchagua injini ya kila chombo kabla hakijaingia baharini. Jumamosi moja walibishana mpaka chai ikapoa: injini nzito au nyepesi? Mmoja alipambanisha nzito na nyepesi mara 10, nzito ikashinda 7, akatangaza kuwa mjadala umefungwa. Sisi wazee tukacheka. Kisha tukageukia shughuli yetu, yaani mashine ya boti tutakayowanunulia wavuvi wa kwetu Pemba, tukakata shauri kwa hadithi ya mtu mmoja aliyevuka nayo siku moja. Nani wa kuchekwa?

Kosa ni lile lile. Tofauti ni kwamba vijana hupoteza merikebu za kwenye kioo, na sisi tutapoteza fedha zilizochumwa kwa zamu za usiku.

Tuanze na zile 7. Rusha sarafu mara 10, na karibu mara moja katika kila 6 upande ulioutaja utatokea mara 7 au zaidi. Sarafu haina injini. Kushinda 70 kati ya 100 ni habari nyingine: kwa bahati tupu hilo hutokea chini ya mara moja katika 20,000. Naye anayecheza mpaka injini aipendayo itangulie, kisha akasimama hapo hapo, hakupima kitu. Idadi ya majaribio hupangwa kabla. Na atakaye kupunguza shaka kwa nusu, aongeze majaribio mara 4, si mara 2.

Pili, tulinganishe injini, tusilinganishe vyombo. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza lilifunga mkia kwa mkia meli mbili: Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu ya ubavuni. Rattler ikamburura mwenzake kinyumenyume. Lakini injini yake siku ile ilitoa nguvu nyingi zaidi. Rafadha ilikuja kuenea duniani kote, ila mvutano ule peke yake haukuweza kusema kilichoshinda ni rafadha au ni ile nguvu ya ziada.

Tatu, tuangalie maji. Feri itokayo Circular Quay hukimbia kwenye maji mapana, ikikaribia kwetu hutambaa, kwa kuwa mto ni mwembamba na mawimbi humomonyoa kingo. Mara nyingi maji yamekupwa hata abiria wakahamishiwa basi. Atakayeipima feri kwa kipande hicho cha mwisho ataitukana injini isiyo na kosa. Kwa hiyo chombo kiwe kimoja, shehena moja, njia moja, kwenda na kurudi. Na hesabu ya wastani ina mtego: aliyekwenda kwa maili 12 kwa saa akarudi kwa 6, wastani wake si 9, ni 8, maana safari ya polepole ilimla saa nyingi zaidi.

Wapo watakaosema mvuvi hana haja ya takwimu, ana uzoefu. Ni kweli anao, na uzoefu huo ni kaskazi na kusi za miaka mingi, pamoja na siku mashine ilipozimika katikati ya mkondo. Hizo ndizo takwimu zenyewe. Hadithi ya siku moja si uzoefu. Tena wavuvi hatukuwauliza hata swali la kwanza: wanataka mwendo, mafuta kidogo, au vipuri vinavyopatikana?

Basi tunadai shauri lifunguliwe upya. Wavuvi waulizwe. Mashine mbili ziazimwe, zifungwe kwa zamu kwenye boti moja, kura iamue kila asubuhi ipi itangulie, lita na dakika ziandikwe, hata za safari iliyoharibika. Vijana watatupangia jedwali. Wao wamekwisha kuanza kurudia mchezo wao mara 100.

Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Sisi tulikuwa tayari kuwasafirisha wavuvi kwa hadithi ya jirani yetu.