Fundi alipwe kwanza kwa kusikiliza injini

Pikapu ya dizeli inayotoka Ilula mkoani Iringa na matenga ya nyanya kwenda Dar es Salaam huteremka Mlima Kitonga ikiwa imejaa. Siku chache baadaye huupanda mlima huo huo ikirudi na mifuko ya mbolea. Ni katika kupanda huko ambapo injini iliyochoka huanza kutoa mlio ambao haukuwapo: ko-ko-ko, unaoongezeka kila dereva anapokanyaga mafuta.

Kinachofuata kinajulikana na kila mwenye gari la biashara. Dereva huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Baada ya wiki moja gari linaingia gereji, fundi anasikiliza kwa dakika mbili na kutamka kwamba injini imenoki, ni ya kushushwa. Mkulima anauza gunia za mahindi alizoweka akiba, ananunua spea, na mara nyingine gari linarudi barabarani na mlio ule ule.

Tatizo hapa si ukosefu wa mafundi, kwani mafundi wapo wengi na wengine ni hodari sana. Tatizo ni namna wanavyolipwa. Katika biashara ya usafirishaji mazao, karibu kila mtu hulipwa kwa kazi fulani, lakini hakuna anayelipwa kwa kusikiliza injini na kutafuta chanzo cha mlio.

Dereva anadaiwa hesabu na mwenye gari. Akisimama njiani kukagua mlio, hesabu inapungua na lawama ni zake. Asiposimama na injini ikafa, atasema gari lilikuwa bovu tangu zamani. Kwa mpango huo, kunyamaza ndiko kunakomlipa.

Fundi naye hulipwa kwa kufungua na kufunga. Akichunguza kwa saa nzima na kusema mkanda umelegea, wenye magari wengi huona hajafanya kazi na humpa hela ya soda. Akishusha injini, analipwa ufundi wa siku kadhaa, na akitumwa kununua spea huenda akapata na cha juu. Si lazima awe mwizi ili achague kushusha injini. Inatosha kwamba kazi ya kuchunguza haina bei.

Hasara ya mpango huu inaonekana wazi zaidi kwenye injini za dizeli za zamani. Mgongano mzito unaweza kutoka kwenye beringi za konrodi zilizolika, na hapo ni kweli injini inakaribia kufa. Lakini mgongano unaofanana sana na huo unaweza kutoka kwenye nozeli moja inayomwaga mafuta vibaya. Kwa sikio pekee, hata fundi mzoefu anaweza kukosea.

Fundi aliyelipwa kuchunguza hulegeza nati ya bomba la mafuta la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa inaunguruma polepole. Mlio ukipungua anapofika silinda fulani, amejua silinda yenye tatizo. Kisha huhamisha nozeli ya silinda hiyo kwenda silinda nyingine. Mlio ukihama pamoja na nozeli, ugonjwa ni nozeli. Ukibaki palepale, ugonjwa uko ndani ya injini. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye uzoefu, kwa sababu dizeli hutoka kwa nguvu ya kuweza kutoboa ngozi, na haifai kabisa kwenye injini mpya za dizeli zenye mfumo wa kompyuta. Hata hivyo, haihitaji mashine ya gharama, na ndiyo inayotenganisha nozeli moja na kushusha injini nzima.

Kwa magari ya petroli yenye waya za plagi, fundi huchomoa waya moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpira. Mgongano ukipungua anapochomoa waya fulani, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kabla ya kufungua chochote, hupima presha ya oili kwa geji na kumwaga oili ili kuona kama ina chembe za chuma zinazong'aa. Chembe zikiwapo na presha ikiwa chini, hakuna tena ubishi.

Aidha, milio mingi haitoki ndani ya injini kabisa. Kelele kali ya kukwaruza asubuhi mara nyingi ni mkanda wa alternata uliolegea. Mngurumo unaopanda na kushuka na mwendo wa injini unaweza kuwa beringi ya alternata au ya pampu ya maji. Fundi huzima injini, hutoa mkanda wa nje, kisha huwasha kwa nusu dakika tu ili injini isichemke. Mlio ukipotea, chanzo kiko kwenye vifaa vinavyozungushwa na mkanda huo.

Mlio mwepesi wa ti-ti-ti juu ya injini huweza kuwa tapeti zinazohitaji kurekebishwa, au oili iliyopungua. Ukisikika zaidi injini ikiwa baridi na kupungua inapopata moto, huenda ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayovuja. Na mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, unaotokea gari likipanda mlima likiwa na mzigo, kwa injini ya petroli unaweza kusababishwa na mafuta mabaya. Wenye magari wanakumbuka enzi za uchakachuaji, petroli ilipochanganywa na mafuta ya taa kabla Serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Aliyeshusha injini kwa sababu ya mlio wa namna hiyo alitibu gari wakati ugonjwa ulikuwa kituo cha mafuta.

Sasa itazamwe hesabu ya mkulima. Tuseme pikapu inabeba matenga 25 na kila tenga linaacha faida ya Sh5,000. Safari moja ni Sh125,000, na kwa safari mbili kwa wiki ni Sh250,000. Gari likilala gereji wiki tatu, faida iliyopotea ni Sh750,000 kabla ya kununua spea hata moja, na nyanya zilizoiva shambani hazisubiri. Fundi akilipwa Sh30,000 kwa kuchunguza tu, gharama hiyo ni sehemu moja ya 25 ya hasara hiyo. Hakuna dawa ya nyanya yenye faida ya namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mkulima mdogo hana fedha ya kulipa mara mbili, kuchunguza na kisha kutengeneza. Hoja hiyo ina uzito, lakini anayekataa kulipa uchunguzi bado analipa, kwa kununua spea za kubahatisha. Dalili ya mvua ni mawingu, na beringi inayoanza kugonga, ikiwahiwa kabla haijakwaruza krankshafti, inaweza kubadilishwa peke yake. Ikiachwa, krankshafti itasagwa upya au kununuliwa nyingine, na ikishindikana injini nzima itatafutwa.

Ni kweli pia kwamba si kila ugonjwa una mlio. Taiming belti inaweza kukatika bila kutoa onyo lolote, na kwenye injini nyingi za dizeli ikikatika pistoni hugonga valvu. Kwa injini za Toyota za 2L na 3L, zilizo kwenye pikapu nyingi za zamani, mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Anayenunua gari kutoka Japani atazame kibandiko ndani ya chumba cha injini kinachoonyesha ulibadilishwa lini. Asipokiona, ni vyema abadilishe mkanda bila kusubiri. Aidha, afike kwa muuzaji kabla injini haijawashwa, aiguse kuhakikisha ni ya baridi, kisha asikilize inapowaka, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema au kuwekwa oili nzito huficha mengi.

Hivyo basi, mabadiliko yanayohitajika yako mikononi mwa wenye magari wenyewe. Kwanza, dereva akubaliwe kwamba akisimama kwa sababu ya mlio mpya au taa nyekundu ya oili, hesabu ya siku hiyo haidaiwi. Akisimama aangalie kijiti cha oili, na taa hiyo ikiwaka azime injini papo hapo. Pili, fundi alipwe uchunguzi peke yake, kwa bei iliyokubaliwa kabla hajashika spana, na alipwe hata kama jibu ni kukaza mkanda. Tatu, kazi ya kushusha injini isianze mpaka fundi aonyeshe kipimo cha presha, chembe kwenye oili au silinda yenye tatizo.

Vyama vya msingi na vikundi vya wafanyabiashara wa mazao vinaweza kwenda mbele zaidi kwa kuchangia geji moja ya presha ya oili na kukubaliana na fundi mmoja anayeaminika kukagua magari ya wanachama kabla ya msimu. Mkulima amezoea kumlipa mtu wa kupima shamba kabla ya kulinunua. Gari linalobeba mavuno ya shamba hilo linastahili heshima hiyo hiyo.