Ziba kwanza, kioo cha pili baadaye

NYUMBA NA MJI
Na Zuhura Mkangara

Kila mwenye nyumba ya kando ya barabara kubwa Dar es Salaam anayelalamikia kelele siku hizi anashauriwa kitu kimoja: weka vioo viwili. Anatoa fedha, vioo vinafungwa kwenye fremu ileile ya kuslaidi, na usiku huo bodaboda ikipita chini ya dirisha anaisikia kama alivyoisikia jana. Ushauri huu unaniuma, kwa sababu fedha hiyo ingeweza kumpatia usingizi kama ingeanzia mahali pengine.

Sauti hupita popote panapopita hewa. Dirisha ambalo asilimia 1 tu ya eneo lake iko wazi haliwezi kupunguza kelele kwa zaidi ya desibeli 20, hata sehemu iliyobaki ikijengwa kwa zege. Uwazi ukifika asilimia 10, kikomo ni desibeli 10. Sasa likague dirisha la kuslaidi. Pale vioo vinapopishana kuna brashi ya nyuzi, ambayo ikishajaa vumbi la mjini hulala na kuacha mwanya. Kwenye reli ya chini kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Kati ya fremu na ukuta, fundi aliyekuwa na haraka amepaka silikoni upande wa ndani tu, pale panapoonekana. Na juu ya dirisha, katika nyumba nyingi tulizojengewa na wazazi wetu, kuna matofali ya matundu ya hewa ambayo hayajazibwa hata baada ya kiyoyozi kufungwa.

Kioo kimoja cha kawaida cha milimita 4, kikizibwa vizuri, huzuia desibeli zipatazo 28. Viwili vya unene huohuo, vyenye nafasi ya milimita 12 katikati, huzuia kama 30. Nyongeza hiyo sikio haliioni. Nafasi ile nyembamba ya hewa inafanya kazi kama springi: mngurumo mzito wa lori au besi ya spika za baa ukikigonga kioo cha nje, cha ndani kinatikisika nacho. Vioo hivyo vilienea katika nchi za baridi kwa ajili ya kuhifadhi joto ndani ya nyumba, na kwa kazi hiyo ni vizuri sana. Sisi shida yetu ni nyingine.

Kinachozuia sauti ni kuzibika, uzito na umbali, na naviweka kwa mpangilio huo makusudi. Dirisha la bawaba linalobanwa na kitasa juu ya mpira pande zote nne linalishinda la kuslaidi hata likiwa na kioo cha kawaida. Ukiwa na fedha zaidi, weka kioo cha tabaka, vipande viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, cha aina inayotumika mbele ya gari. Kikizidi kidogo milimita 6 kinafika desibeli 32 au 33. Na anayelala mita chache kutoka Barabara ya Morogoro afunge dirisha la pili upande wa ndani, sentimita 10 au zaidi kutoka lile la nje. Hapo unaweza kuvuka desibeli 40. Kila desibeli 10 zinazopungua, sikio husikia kelele imeshuka nusu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku. Kando ya barabara yenye magari mengi, 70 ni jambo la kawaida. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha mtoto wa darasa la saba anayelala pale analala katika hali gani.

Lakini joto je? Ukiziba dirisha la Dar mwezi Februari umeufukuza upepo, na chumba kitahitaji kiyoyozi. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa vioo wangepaswa kulisema na hawalisemi: mpira uleule unaozuia kelele unazuia pia hewa ya baridi isitoke na hewa yenye unyevu isiingie. Kiyoyozi cha mji wa pwani hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kukamua maji kwenye hewa. Hewa ya nje ikiendelea kuingia, kinakamua usiku kucha na uniti za umeme wa LUKU zinakwenda. Jua ni habari nyingine. Kioo cheupe cha milimita 4 hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua, na pazia la ndani hulikuta limekwishaingia. Dirisha linalotazama magharibi linahitaji kivuli nje: paa la kibaraza, mti, hata chiki ya mianzi.

Chumba kilichozibwa hivyo kifunguliwe kila siku kipate hewa, na jiko la mkaa lisiingizwe humo kabisa. Moshi wake usioonekana unaua.

Nisingeshauri mtu azibe nyumba nzima. Ziba chumba cha kulala, sebule iendelee kupata upepo. Na anayenunua kiwanja leo ana nafasi bora kuliko kioo chochote: kupanga vyumba vyenyewe. Wajenzi wa Lamu na Mji Mkongwe waliweka kuta nene za mawe ya matumbawe, wakafungua matundu machache upande wa mtaa, na hewa na mwanga wakavipata kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani. Choo, stoo, jiko na ngazi vikielekezwa barabarani, vyumba vya kulala vikakaa nyuma, dirisha linaweza kubaki wazi kwa upepo wa kusi bila kugombana na malori.

Yote haya hayampunguzii wajibu mwenye baa. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele tangu 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipofunga baa na kumbi kadhaa mwaka 2023 niliipongeza. Naitaka iendelee, na isisubiri wakazi walie tena.

Mpangaji, ambaye fremu si zake, asikate tamaa. Asinunue pazia zito akitarajia ukimya. Litapunguza mwangwi wa chumba tu. Anunue mpira wa kubandika, abadilishe brashi zilizolala, kisha amwombe fundi amkatie bamba la plastiki ngumu linaloona, lenye fremu nyepesi ya mbao na mpira ukingoni, likae upande wa ndani na libanwe kwa vishikizo ili aweze kulitoa asubuhi. Siku ya kuhama analibeba.